Waya wa Ishirini na Mbili

Waya wa ishirini na mbili haukuwa umefungwa kwa mtu. Tuanzie hapo, maana hapo ndipo Kipruto alipoanza kukosa raha, na yeye si mtu wa kukosa raha ovyo. Kazi yake ni kubandika nyaya ishirini na moja kwenye vichwa vya watu wenye kifafa, kisha kukaa chumba cha pili mbele ya kioo cha kompyuta, akitazama umeme wa ubongo ukipanda na kushuka. Waya mmoja huwa wa akiba. Huachwa ukining'inia kando ya kitanda, na mstari wake kwenye kioo hutetemeka kidogo mtu akipita karibu, basi. Hauna maana yoyote.

Jumatatu ile, saa saba na dakika hamsini mchana, waya huo ulichora mawimbi.

Wengine watakuambia majini ni mambo ya Pwani, huku kwetu kwenye chai ni baridi mno kwao. Waache waseme. Jengo lenyewe la utafiti lilikuwa la mabati, nyuma ya hospitali moja hapa Kericho, dirisha lake likitazama chai mpaka macho yachoke. Hakuna kaburi hapo, hakuna pango. Kulikuwa na kitanda cha chuma, kamera ukutani, kiti cha plastiki cha kijani, na mtoto wa miaka kumi na miwili aitwaye Nelvine aliyefungwa bendeji kichwani.

Nelvine alitoka Sosiot. Mama yake, Esnah, huchuma chai. Baba yake, Sagini, ni dereva wa lori la majani. Ni Wakisii waliokaa huku tangu babu yao alipokuja kuchuma, wakajenga, hawakurudi. Mtoto alikuwa akianguka mara nne kwa wiki, wakati mwingine tano. Shule alikuwa ameacha, maana mwalimu alichoka na watoto wengine walimkimbia.

Walikuwa na wiki moja tu ya kitanda hicho. Daktari Chepyegon, mama mmoja mwenye haraka na maneno machache, alikuwa amepunguza dawa makusudi ili kifafa kije mbele ya mashine. Alitaka kujua kinaanzia wapi. Alimweleza Sagini kwa lugha ya kazi yake mwenyewe.

"Wewe unabeba majani, si ndiyo? Yanatoka kituo hiki, yanapitia kile, mpaka kiwandani. Ubongo pia una njia zake. Kifafa hakikai mahali pamoja, kinasafiri. Tukijua kituo cha kwanza, tunakifunga. Lori halitakuwa na kitu ya kubeba."

"Na mkikosa kukijua?"

"Ijumaa jioni anaenda nyumbani. Kuna watu sitini wanangoja hicho kitanda."

Basi hayo ndiyo yaliyokuwa mezani. Kituo cha kwanza kikionekana, Nelvine angepelekwa Nairobi, kipande kidogo cha ubongo kitolewe, na pengine asianguke tena maishani. Kisipoonekana, arudi Sosiot kuanguka mpaka siku aangukie kitu kibaya.

Sasa rudi Jumatatu. Waya wa akiba ukaanza kuchora, mawimbi makali yanayofuatana, yale hasa ya ubongo unaotaka kuanguka. Kipruto akasogeza kiti, akaangalia mistari mingine ishirini na moja, ile ya kichwa cha mtoto. Yote ilikuwa imetulia. Alitaka kucheka. Kisha Nelvine akainua pua na kusema, "Mama, nywele zinaungua."

Alisema hivyo kila mara kabla ya kuanguka, na Esnah alijua la kufanya. Akamlaza ubavu, akamfungua kola, na mara mwili ukakaza, macho yakapinduka, povu likatoka. Kwenye kioo mistari yote ikaruka pamoja. Kipruto akapima muda. Waya usio na mtu ulikuwa umetangulia kwa sekunde arobaini.

Sagini alikuwa chumbani pia, mgongo ukutani, mikono nyuma. Hakusogea. Mwanaume mzima, anaendesha lori la tani saba kwenye ukungu wa asubuhi, lakini mate ya mtoto wake mwenyewe anayaogopa! Wako wengi hivyo huku. Wanasema ukimshika mtu wa kifafa, mate yake yakikugusa, umekwisha, kimekuhamia. Daktari Chepyegon alishamwambia mara tatu kwamba huo ni uongo mtupu. Sagini aliitikia kwa kichwa mara tatu.

Jumanne Kipruto alibadilisha waya. Akabadilisha na tundu lake kwenye mashine. Akaufunga kwenye mguu wa kile kiti cha kijani ili usiguse kitanda. Saa tisa ukaamka tena, sekunde arobaini, kisha nywele zinaungua, kisha mtoto akaanguka. Aliporudisha picha za kamera aone vizuri, akakuta jambo ambalo hakuwa ameliona kwa macho. Kichwa cha Nelvine kilirushwa nyuma kwa nguvu kuelekea chuma cha kitanda, na mikono ya Esnah ilikuwa miguuni. Kichwa hakikufika kwenye chuma. Kilisimama kama shubiri moja hivi kabla, kikalala hapo hewani, kikitikisika polepole.

Akafunga picha. Akaenda kunywa chai kantini, vikombe viwili, na hakumwambia mtu.

Jumatano ikaja mvua ya mawe. Wenyeji wa Kericho wanaijua: saa nane mchana mbingu inafunga, taa zinawashwa, mabati yanapigwa hadi usisikie mawazo yako. Kipruto alikuwa peke yake mbele ya kioo. Kwanza alisikia harufu. Siyo kutoka chumba cha mtoto, hapana, humohumo alimokuwa, nyuma ya shingo yake, harufu ya nywele na nguo ya pamba na kitu kingine chenye mafuta ambacho hakutaka kukitaja hata moyoni. Akageuka, hakukuwa na mtu. Akarudisha macho kwenye kioo, na waya wa ishirini na mbili ulikuwa umeshaanza, na kwenye picha ya kamera kile kiti cha kijani, kilichokuwa kitupu kando ya kitanda, kikazama katikati taratibu, plastiki ikapinda, miguu yake minne ikatanuka kidogo kama inavyotanuka mtu mzima anapokaa baada ya kutembea mbali, na Nelvine, aliyekuwa amelala akitazama dari, akageuza uso kuelekea kiti hicho kitupu, akavuta miguu yake juu kama mtu anayempisha mgeni nafasi, akasogeza midomo, akisema maneno ambayo mvua iliyameza, halafu akatabasamu, na bado alikuwa anatabasamu kifafa kilipomkamata.

Mvua ilipopungua, Kipruto alimwita Esnah kwenye korido.

"Mama Nelvine," alisema kwa sauti ya chini, "hii maneno usimwambie daktari kwanza. Mtoto huwa anaongea na nani?"

Esnah alitazama mlango. "Umemwona?"

"Sijaona mtu. Nimeona kiti."

"Aki ya Mungu," Esnah alinong'ona, akashika leso yake kwa mikono miwili. "Nilijua amekuja na sisi. Kwenye gari nilisikia hiyo harufu, nikasema ni breki."

"Nani?"

"Dada ya Sagini. Nyabate." Alisema jina hilo kwa kulivuta ndani, kana kwamba mwenye jina angesikia. "Alikuwa na kifafa. Siku moja akaangukia moto jikoni, kwa yale mafiga. Sagini alikuwa humo ndani, mtoto wa miaka tisa. Walikuwa wawili tu."

"Na hakumvuta?"

"Alikuwa ameambiwa asimguse. Mate. Akasimama kwa mlango. Hata kuita watu hakuita, aliduwaa tu. Watu walikuja wakifuata harufu."

Kipruto alichungulia kama Sagini yuko karibu.

"Sisi tunawapa watoto majina ya waliokufa," Esnah aliendelea. "Huyu alipozaliwa, mama mkwe akasema apewe Nyabate, ndio yule apumzike. Nelvine ni jina ya kanisa. Akiwa na miaka minne akaanza kuanguka. Nikalifuta hilo jina kila mahali, kwa kliniki, kwa shule, kwa hii fomu yenu. Na bado."

 Huyo mama mimi sitamcheka, na wewe usimcheke.

Alhamisi asubuhi Daktari Chepyegon alikaa na rekodi zote. Alizirudia na kuzirudia. Mwishowe akavua miwani. "Kipruto, hii ni nini? Kila mara hiyo waya inaanza, na kichwa kinafuata. Inachafua kila kitu. Siwezi kuwaandikia Nairobi ati kifafa cha huyu mtoto kinaanzia kwa kiti. Nataka rekodi moja safi. Moja tu. Kesho jioni ndio mwisho."

Sagini alisikia hayo mlangoni. Saa nane mchana alirudi akiwa na Marcella.

Marcella ni mama mfupi, mjane, mwenye sauti ya kugombeza, anayejulikana kutoka Sosiot mpaka Kedowa kwa kutoa mashetani kwenye nyumba za watu. Hachinji kuku, hafukizi ubani. Anaomba, halafu anagombeza. Daktari alimruhusu shingo upande, akidhani ni maombi ya kawaida tu ya wagonjwa. Akamwambia asiguse nyaya.

Marcella hakugusa nyaya. Alisimama mbele ya kile kiti, mikono kiunoni, akakitazama kama mke mwenza.

"Nyabate! Nakuona. Huna haya? Mtoto wa watu unamtesa, kwani yeye ndiye alikuwasha moto? Toka."

Kipruto alikuwa kwenye mashine. Waya wa ishirini na mbili ukaruka juu. Harufu ikajaa vyumba vyote viwili.

"Hanisikii mimi," Marcella alisema, jasho likimtoka kwenye baridi ile. "Si damu yangu. Sagini, wewe ndiye ndugu. Mwambie aende."

"Mimi?"

"Ni nani mwingine? Mwambie!"

Sagini alijitoa ukutani hatua moja.  "Nenda, dada," alisema. "Nenda. Mwache mtoto wangu."

Kiti kikanyooka. Plastiki ilipiga mlio mdogo, wa kitu kilichoondolewa uzito, na kwenye kioo waya wa ishirini na mbili ukalala bapa. Harufu ikaisha palepale, ikabaki ile ya dawa ya sakafu na ya majani mabichi kutoka nje. Esnah akaanza kulia kwa furaha. Marcella akajipangusa uso na kuomba maji ya kunywa.

Nelvine peke yake ndiye aliyekasirika. Alikuwa amekaa kitandani, machozi yakimshuka. "Baba, mbona umemfukuza? Yeye ndiye huniambia kinakuja. Yeye ndiye hunishika kichwa. Sasa nani atanishika?"

"Nyamaza, mtoto," Marcella alisema. "Ndivyo wanavyowadanganya."

Kipruto alisikia maneno hayo kupitia spika. Aliikumbuka ile shubiri moja ya hewa kati ya kichwa na chuma. Alikuwa na nafasi ya kuinuka, kuingia chumbani na kusema alichokiona. Aliona aibu. Mtu amesoma, ana cheti ukutani, aseme nini mbele ya daktari? Akanyamaza, na mpaka leo jambo hilo linamuuma.

Ijumaa jua liliwaka. Kila mtu alikuwa na matumaini. Saa nne Esnah alimwambia mumewe, "Nakimbia kuchukua uji. Mkae naye. Akisema nywele, niite." Alikwenda bila wasiwasi wowote, maana kwa miaka minane mtoto yule hakuwahi kuanguka bila kusema.

Nelvine alisimama kando ya kitanda kutazama wachumaji nje. Sagini alikuwa kwenye kile kiti cha kijani, karibu kiasi cha kumgusa bila kunyoosha mkono wote. Waya wa ishirini na mbili ulikuwa kimya. Mtoto hakusema nywele. Hakusema kitu. Magoti yalikatika, akaenda chini mzimamzima, na kisogo chake kikagonga chuma cha kitanda kwa mlio ambao Kipruto aliusikia kwenye spika na tena kupitia ukuta.

Alikimbia. Kutoka chumba kimoja hadi kingine ni hatua chache, lakini mlango ule hukwama. Kamera iliandika muda wote: sekunde kumi na moja. Kwa sekunde kumi na moja Nelvine alipiga kichwa kwenye chuma kile, mara sita, na Sagini alisimama juu yake, mikono imeinuliwa kifuani, viganja wazi, akitazama mate yaliyochanganyika na damu.

Kipruto alimsukuma pembeni na kukishika kichwa.

Nelvine alishonwa nyuzi tisa. Esnah alirudi na uji wake, akaona sakafu, akamwangalia mumewe, akapiga magoti na kuanza kupangusa damu kwa leso yake. Hiyo ilikuwa mbaya kuliko kupiga kelele. Na rekodi? Rekodi ilikuwa safi ajabu. Cheche moja ndogo juu ya sikio la kulia, kisha njia zake zote, kituo baada ya kituo, kama daktari alivyosema. Daktari Chepyegon aliitazama huku bado ana damu ya mtoto kwenye mkono wa koti. "Tumekipata," alisema, akaanza kuandika barua ya Nairobi.

Nelvine alipelekwa Nairobi Oktoba. Kipande kilichotolewa kilikuwa kidogo kama ncha ya kidole. Novemba hakuanguka. Desemba hakuanguka. Januari alirudi shuleni, na watoto waliomkimbia wakagombania kukaa naye ili waone kovu.

Februari walimleta kupimwa. Wote watatu waliingia wakiwa na nguo za kanisa. Nelvine alikuwa ameongezeka urefu, nywele zimeanza kufunika kovu. Kipruto alimbandikia nyaya ishirini na moja huku wakitaniana kuhusu hesabu. Ule wa ishirini na mbili hakuupenda hata kuushika, lakini mashine hiyo haikubali kuanza kama tundu moja liko wazi. Akauchomeka, akauacha uning'inie mbali na kitanda, karibu na ukuta. Kisha akaenda kwenye kioo.

Mistari ya Nelvine ilikuwa mizuri. Dakika kumi, dakika ishirini. Nje mbingu ilikuwa inafunga, mawe ya kwanza yakaanza kugonga mabati moja moja. Kwenye picha, Sagini alivuta kiti cha kijani, akakipeleka ukutani kama kawaida yake, akakaa. Mguu wa kiti uliukanyaga waya.

Ukaamka.

Kipruto aliangalia kichwa cha mtoto kwanza. Kimetulia. Mistari yote ishirini na moja imelala, na ule mmoja unapanda, unapanda, na kupitia spika akamsikia Sagini akisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeuliza saa:

"Nani anachoma nywele?"

 Esnah alisimamisha kikombe cha chai kabla hakijafika mdomoni. Mvua ikaanguka yote kwa pamoja, chumba kikawa giza la mchana, na Kipruto akajikuta anahesabu bila kutaka, nne, tano, sita, huku akiuvuta ule mlango unaokwama, na ukiwa nusu wazi akamwona Sagini ameshaelewa, amesimama, amekisukuma kiti, ameganda tena pale ukutani na mikono kifuani, anatazama mahali pasipo na mtu, akisema, "Nenda, dada. Nakuomba. Nenda," maneno yaleyale ya Alhamisi ile, na nyuma yao mashine ikilia bip bip bip maana waya haukulala, na harufu ikazidi, na Esnah, mama aliyemshika mtoto wake miaka minane bila kuogopa mate wala damu, akarudi hatua moja nyuma, akakumbuka sakafu ile, akabaki hapo.

Ni Nelvine aliyeshuka kitandani. Nyaya zilimfuata kama nywele ndefu. Alimshika baba yake mkono, akamvuta chini taratibu, akamlaza ubavu kwenye saruji, akamfungua kola jinsi alivyokuwa akifunguliwa yeye, kisha akapiga magoti na kuweka viganja vyake chini ya kichwa chake.

"Utanishika?" Sagini aliuliza. Meno yalikuwa yanagongana. "Na yeye? Yeye si alikuwa anakushika?"

Nelvine aliinua uso kuelekea kile kiti, akasikiliza kidogo. Kiti kilikuwa kimeshapinda.

"Nitakushika mimi, baba," alisema. "Yeye amekataa."